Aliambiwa sukari "haipo"

Daftari la kliniki la mama mdogo lipo mapajani mwangu hapa barazani, Mikindani, na tangu Jumapili kifua bado kinanifukuta. Nimelisoma zaidi ya mara kumi. Nikisikia tena mtu anasema wagonjwa wetu hawasikii wanachoambiwa, nitamletea daftari hili, kwa sababu mama mdogo alisikia, tena alisikia vizuri kabisa.

Ana kisukari mwaka wa sita huu. Ramadhani iliyopita alifunga. Alishauriwa asifunge mpaka abadilishiwe dozi, akafunga hivyohivyo, huku vidonge anavimeza daku. Siku moja baada ya alasiri jasho likamtoka mwili mzima, mikono ikatetemeka, maneno yakawa yanampotea mdomoni. Binti yake akaita bajaji, wakamkimbiza kituo cha afya. Sukari 2.6. Wakamwekea dripu, akazinduka, kesho yake akaruhusiwa. Aliyemhudumia usiku ule namwombea dua mpaka leo, maana bila yeye tungekuwa tumezika.

Lakini wakati wa kuondoka alimwambia hivi: "Mama, hii yako ilikuwa haipo. Haipo ni hatari sana, uwe mwangalifu." Kwenye daftari akaandika lile neno refu la Kiingereza.

Sasa jiweke nafasi ya mwanamke wa miaka 63 aliyekulia Kimakonde nyumbani na Kiswahili mtaani. Mtaalamu amempima damu, amemtazama usoni, amemwambia haipo. Hakuna Mswahili asiyejua maana ya haipo. Mama mdogo akarudi nyumbani anamshukuru Mungu, majirani wakaja kumpa hongera, sukari haipo tena. Na ile hatari je? Aliielewa pia: hatari ni kuendelea kumeza dawa ya sukari wakati sukari yenyewe haipo. Vidonge akavifunga kwenye kitambaa, akavitia kabatini.

Wiki saba baadaye alikuwa anaamka mara tano usiku kwenda haja ndogo, anakunywa maji kiu haiishi, macho yana ukungu. Tukampeleka. Mashine ikasoma 24. Daftari likaandikwa tena, na neno ni lilelile refu, ila pale katikati palipokuwa na herufi moja sasa zimekaa mbili. Hypoglycemia imekuwa hyperglycemia: haipoglaisemia, ambayo wao kwa mkato huiita "haipo", imekuwa haipaglaisemia. Kurasa mbili zinafuatana, hali mbili zinazopingana kama mafuriko na ukame, na kwa macho ya familia yetu yote ni mwandiko uleule wa daktari.

Maneno haya ya Kiingereza asili yake ni Kigiriki. "Haipa" kwa Wagiriki ina maana ya juu, kupita, kuzidi. "Haipo" ni chini, pungufu. Katikati ni utamu, mwishoni ni damu. Kwa hiyo mtaalamu anaposema haipaglaisemia amesema tu utamu umezidi kwenye damu, basi. Hakuna elimu iliyofichwa humo ambayo Kiswahili hakiwezi kuibeba. Likija kwetu, hata hivyo, linakuta mambo mawili. Kwanza, irabu moja tu ndiyo inayotenganisha kuzidi na kupungua, na irabu hiyo ikisemwa haraka, kwenye simu, kwenye kelele za wodi, inapotea. Pili, "haipo" ni neno letu tayari. Lilikuwa letu kabla hospitali haijajengwa.

Kinachoniuma ni kwamba watu walishalitatua jambo hili zamani, bila kamati. Kaa kwenye foleni yoyote ya kliniki, Mtwara mjini, Masasi au Newala, usikilize. "Mimi nina presha ya kupanda." "Mwenzio ya kushuka." Kupanda na kushuka! Nani alitutafsiria? Hakuna. Akina mama wenyewe kwenye mabenchi waliona mishale na namba za mashine, wakatafuta maneno ambayo hata mtoto hawezi kuyachanganya. Hayafanani mwanzo, hayafanani mwisho, yakipigiwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara bado yanatofautiana. Na wauguzi wenyewe huyatumia mdomoni. Ila kalamu ikishikwa, Kiswahili kinaondoka chumbani.

Ninachotaka ni kidogo sana. Chini ya lile neno la Kigiriki, andika neno moja: IMEPANDA, au IMESHUKA. Herufi kubwa, na namba pembeni. Haichukui hata dakika. Mtoto wa darasa la nne anaweza kumsomea bibi yake. Familia ikiona IMESHUKA itajua kumpa kitu cha sukari haraka, chai tamu au soda, akiwa bado anaweza kumeza, kisha kumkimbiza hospitali. Ikiona IMEPANDA itajua soda hiyohiyo ni kumwongezea moto. Neno la Kigiriki haliwaambii chochote kati ya hayo, na wao ndio wanaokuwa naye saa nane usiku, si daktari.

Nitakubali jambo moja, ingawa sipendi. Wataalamu wanahitaji lugha yao. Mgonjwa wa hapa akipewa rufaa kwenda Muhimbili, au akapelekwa India, daktari wa huko lazima asome neno analolijua. Sawa, liacheni. Sijasema lifutwe. Nimesema lisikae peke yake kwenye daftari ambalo mwenye kulibeba ni mgonjwa.

Nakubali pia kwamba kupanda na kushuka hakutoshi kila mahali. Haipathairoidizimu ni tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Hapo ukisema "tezi imepanda" mtu atadhani imehama. Mjamzito anayetapika mpaka mwili unakauka, ambaye wao humwandikia haipaemesisi, hajapanda popote, anatapika kupita kiasi, na kupita kiasi ndiyo tafsiri yake hasa. Haipakalemia, potasiamu kuzidi kwenye damu, ambayo inaweza kusimamisha moyo, hiyo imepanda. Kila moja ina Kiswahili chake ukiitafuta.

Na presha yenyewe? Haipatensheni imetuletea balaa jingine, safari hii kwa ule mkia wake. Tensheni mtaani kwetu ni wasiwasi, ni mawazo. Baba mkubwa alipimwa 170 kwa 100, wakati mpaka wa hatari ni 140 kwa 90, akanijibu: "Mwanangu, mimi sina tensheni na mtu, nitapataje ugonjwa huo?" Alisema kwa utulivu kabisa, mbele yake sahani ya wali na ng'onda iliyokolea chumvi. Tunaishi pwani ambayo chumvi inavunwa mashambani kuanzia Lindi mpaka huku, ng'onda tumelelewa nayo, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Mkazo unaotajwa kwenye neno lile ni wa damu ndani ya mshipa. Mtu anaweza kuwa na amani ya moyo kuliko wote mtaani na presha yake iko juu. Angeambiwa "damu inasukuma mishipa kupita kiasi" angeangalia sahani yake. Aliambiwa tensheni, akaangalia ugomvi, hakuuona.

Yapo mabango yanayosema "shinikizo la juu la damu". Ni Kiswahili sanifu, nakiheshimu, lakini sijawahi kumsikia mtu wa Mikindani akilitamka. Presha ya kupanda inatosha, mradi mtu aelezwe kwamba dawa yake ni ya kila siku, hata siku ambayo hajisikii kitu. Huo ndio udhaifu wa neno letu: kinachopanda watu hudhani kitashuka chenyewe.

Jumapili nilichukua kalamu nikaandika mwenyewe kwenye kurasa zote mbili za mama mdogo. IMESHUKA, 2.6. IMEPANDA, 24. Akaweka miwani, akafuata kwa kidole, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Kumbe siku ile haikuwa imeondoka?"

Jana alikuwa na kliniki. Binti yake anasema alipomaliza kupimwa hakuinuka kwenye kiti. "Sista, imepanda au imeshuka?" Akajibiwa imepanda kidogo. Akalisukuma daftari mezani: "Basi niandikie hivyohivyo."