Kutabiri mkondo wa inveta ni njia nzuri, ila pima koili kwanza

Mimi niko upande wa njia ya kutabiri mkondo kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa DC kuwa AC), na nasema wazi wanafunzi wa umeme wafundishwe mapema, wasisubiri mpaka masta. Ukiitazama vizuri inaeleweka haraka kuliko njia ya kawaida ya PI (kontrola inayorekebisha kosa la mkondo) na PWM (kuwasha na kuzima swichi kwa mwendo uliopangwa): inveta ya fezi 3 ina swichi 6, kila mguu, yaani swichi mbili za fezi moja, ama ya juu imewaka ama ya chini, kwahiyo hali zote ni 8 tu, na mbili kati ya hizo zinatoa sifuri ileile, zinabaki aina 7 za volti za kujaribu. Kila maikrosekunde 100, tuseme, chipu inapima mkondo, inapiga hesabu kila moja ya hizo 7 itaupeleka wapi, halafu inachagua ile inayoufikisha karibu na unaotakiwa. Basi. José Rodríguez na wenzake kule Valparaíso, Chile, waliionyesha hivyo mwaka 2007 na wengi wakaifuata.

Kinachoniudhi ni inavyofundishwa. Mtu anaishia kwenye kompyuta, induktansi (kiasi koili inavyozuia mkondo kubadilika haraka) aliyoiandika kwenye kontrola, ile programu ya chipu, ndo hiyohiyo ya koili ya kuigiza ambayo mkondo wa inveta unapitia, lazima grafu itoke safi. Sasa njoo mezani: koili imeandikwa milihenri 10, ukiipa volti 100 kwa maikrosekunde 100 kontrola inategemea mkondo uongezeke kwa ampea 1, lakini mzigo ukiwa mkubwa chuma cha ndani kinashiba sumaku, induktansi inashuka hadi 5, mkondo unaruka ampea 2, kontrola inaurudisha unapitiliza tena upande wa pili, na watu wanalaumu chipu bure. Halafu kuna kuchelewa, chipu ikimaliza kuchagua mkondo ulishasogea, kwahiyo lazima utabiri hatua mbili mbele sio moja, na hili wengi wanaliruka kabisa.

Kwa mota naichagua bila wasiwasi. Kwa inveta ya sola inayoingiza umeme kwenye gridi kupitia filta ya LCL (koili mbili na kapasita kati yake za kusafisha mkondo) bado nabaki na PI na PWM, maana kwenye kutabiri swichi hazina mwendo maalum wa kuwaka na kuzima, filta inasumbuka.

Na kupima koili wala sio kazi kubwa jamani. Ipige volti za DC kwa muda mfupi sana, angalia kwenye oskiloskopu mkondo unavyopanda, gawa volti kwa kasi ya kupanda huko, hiyo ndo induktansi yenyewe. Fika mpaka ampea utakazotumia kazini, ukiona mstari unaanza kupinda kwenda juu chuma kimeanza kushiba, kuanzia hapo ile namba ya kwenye lebo usiipe kontrola.