Paka akianguka ghafla: umsubiri au umkimbize kwa daktari?

Paka aliyekuwa amejilaza barazani anainuka, anapiga hatua mbili, puu, kaangukia ubavu. Kichwa kimeinama upande mmoja, mboni zinakwenda na kurudi kama za abiria anayehesabu nguzo za umeme dirishani mwa basi. Mmoja anasema karogwa, mwingine kala sumu ya panya, wa tatu kashaingia jikoni kutafuta maziwa.

Wanaosema "mwacheni, atazinduka" si wazembe tu. Daktari wa mifugo wa karibu siku yake huishia kwa ng'ombe na kuku, na kumbana mnyama mwenye kizunguzungu ndani ya boksi, juu ya bodaboda, ni kumwongezea hofu. Tena tukio kama hilo la barazani mara nyingi ni hitilafu ya mizani ya mwili ndani ya sikio. Linatisha kuliko linavyodhuru. Wengi hupata nafuu ndani ya siku chache, ingawa kichwa huweza kubaki upande kwa wiki mbili tatu. Daktari amwone, ndiyo, lakini kama anakula na fahamu anazo, kesho asubuhi si kuchelewa.

Shida ni kwamba tunapima hatari kwa kelele. Chukua dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, sumu ya kuulia wadudu. Mwenye nyumba anaona mbwa kapona, naye paka anadondoshewa kidogo shingoni. Ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo upesi kama la mbwa. Dalili huanza kimyakimya: masikio yanachezacheza, ngozi ya mgongo inarukaruka, miguu inakung'utwa kama iliyokanyaga maji. Hakuna anayepiga yowe. Baada ya saa kadhaa ni degedege. Huyu ndiye wa kukimbizwa. Kama bado anajiweza, mwoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha njia moja kwa daktari.

Pwani tuna letu. Paka anayeshindia samaki wabichi tu anaweza kuishiwa vitamini B1, kwa kuwa baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoiharibu. Shingo hulegea, kidevu kikagusa kifua, watu wakadhani ni uzee. Sindano ya vitamini hiyo ikiwahi, humwinua. Kuchemsha samaki huua kimeng'enya hicho.

Degedege lenyewe lipimwe kwa saa. Likipita dakika 5, au likirudi siku hiyo hiyo, usisubiri. Maziwa ya yule wa jikoni yarudi yalikotoka: ukimnywesha anayetetemeka, yataingia mapafuni. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Mpige video, maana akifika kwa daktari huenda ametulia kama hakuna lililotokea.

Kuna jambo moja tu ambalo sioni pande mbili. Kichaa cha mbwa humpata paka pia. Paka aliyebadilika tabia akikuuma au kukuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo. Habari ya paka itafuata baadaye.

Mimi nawaunga mkono wanaokimbiza, ila wengi wao huondoka mikono mitupu. Ile pakiti ya dawa, hata kama iko jalalani, iokoteni mwende nayo.