Ulaya Inapotaka Kusoma Ujumbe Kabla Haujafungwa

Serikali ikitaka kufungua barua za watu, hutanguliza sababu ambayo hakuna anayethubutu kuipinga. Barani Ulaya, mwaka 2006 sababu ilikuwa ugaidi. Tangu 2022 ni watoto. Sababu zote mbili ni za kweli. Nani asiyetaka mtoto alindwe? Lakini ukiiweka kando sababu na kutazama mtambo unaoundwa kwa jina lake, utaona ni uleule.

Mei 11, 2022 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, kupitia kamishna wake wa mambo ya ndani wa wakati huo, Ylva Johansson, ilileta pendekezo la sheria ya kupambana na picha za unyanyasaji wa watoto mtandaoni. Kampuni za ujumbe zingeweza kuamriwa zikague wanachotumiana wateja wao: picha zinazojulikana tayari na polisi, picha mpya ambazo programu ingezikisia yenyewe, na hata maneno ya mtu mzima anayemrubuni mtoto. Wapinzani wakalibatiza pendekezo hilo jina la “Chat Control”, na jina likaganda.

Tatizo ni kwamba programu kama WhatsApp na Signal hufunga ujumbe kwa usimbaji fiche, yaani huugeuza kuwa msimbo usiosomeka, tangu simu ya anayetuma hadi simu ya anayepokea. Njiani hakuna wa kuusoma, hata kampuni yenyewe. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kuukagua ndani ya simu, kabla haujafungwa. Watetezi wa pendekezo husema basi usimbaji haujaguswa. Ni kama posta iape kwamba haifungui bahasha, kumbe imeweka karani chumbani kwako anayesoma unavyoandika.

Na karani huyo hukosea. Tuseme, kwa hesabu ya kubuni tu, anakosea mara moja katika kila ujumbe elfu moja. Kwenye ujumbe bilioni moja, hayo ni makosa milioni moja, na kila kosa lina mtu nyuma yake. Mwaka 2021 baba mmoja wa San Francisco alimpiga picha mwanawe mdogo aliyevimba sehemu za siri, kwa sababu daktari alihitaji kuiona. Programu ya Google ikaitambua picha hiyo kama uhalifu, akaunti yake ikafungwa, polisi wakapewa taarifa. Polisi walimchunguza wakaona hana kosa. Akaunti hakurudishiwa.

Sasa fikiria familia zetu. Mama yuko Hamburg, bibi yuko Tanga, na kundi la WhatsApp la ukoo limejaa picha za wajukuu wakioga kwenye beseni. Ukaguzi ungefanyika kwenye simu ya Hamburg, chini ya sheria ambayo bibi hakuipigia kura na wala hana mbunge wa kumlalamikia.

Kuna jambo moja linalonikera kuliko yote. Katika rasimu zilizojadiliwa na nchi wanachama kiliingizwa kifungu kinachosema sheria hiyo haitahusu akaunti zinazotumiwa na dola kwa usalama wa taifa, polisi na jeshi. Kama chombo hiki ni salama na hakivujishi siri, mbona waliokitunga wamejitoa? Mpishi asiyeonja chakula chake mwenyewe tutamwelewaje?

Haya hayakuanza leo. Baada ya mabomu ya Madrid mwaka 2004 na ya London mwaka 2005, Umoja wa Ulaya ulipitisha mwongozo uliozitaka kampuni za simu zihifadhi kumbukumbu za kila mteja kwa muda wa miezi sita hadi miaka miwili: nani kampigia nani, saa ngapi, akiwa wapi. Maneno yenyewe hayakuhifadhiwa, na hapo ndipo wengi waliporidhika. Mwanasiasa wa chama cha Kijani cha Ujerumani, Malte Spitz, hakuridhika. Aliidai kampuni yake ya simu kumbukumbu zake mwenyewe, akalazimika kwenda mahakamani, kisha mwaka 2011 gazeti la Die Zeit likazichapisha mtandaoni kama ramani. Msomaji aliweza kumfuata kwa miezi sita, treni kwa treni, mji kwa mji, akijua alipolala na alipoamka. Hakuna neno hata moja alilolisema lililokuwemo.

Kikundi kidogo cha Waayalandi, Digital Rights Ireland, kiliupeleka mwongozo huo mahakamani, na Aprili 8, 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaufuta. Lakini data za watu ambao hawakushukiwa lolote zilikuwa zimeshahifadhiwa miaka yote hiyo. Tena baadhi ya serikali ziliendelea na sheria zao za ndani kana kwamba hukumu haikusomwa, hadi mahakama hiyohiyo ikabidi irudie kauli yake Desemba 2016, katika kesi zilizotoka Uswidi na Uingereza. Miongoni mwa waliofungua kesi ya Uingereza alikuwemo mbunge David Davis. Alipoteuliwa waziri katikati ya 2016, alijitoa kwenye kesi. Ndivyo faragha ilivyo: hupendeza zaidi ukiwa nje ya baraza la mawaziri.

Watu wakisifia Ulaya kwa haki za mtandaoni, hutaja GDPR, ile sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018. Mimi nadhani inasifiwa kupita kiasi. Imezibana kampuni, sawa, na imetuachia vile vidirisha vya kukubali kuki, faili ndogo ambazo tovuti huweka kwenye kifaa chako, ambavyo kila mtu hubonyeza bila kusoma. Ila shughuli za usalama wa taifa ziko nje ya mipaka yake. Kilichowaokoa Wazungu mara kwa mara ni raia mwenye haki ya kuishtaki serikali, na jaji asiyeogopa kumpa ushindi. Kenya ilipotunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019 ilichota mengi kutoka GDPR, lakini haikuuma mpaka Oktoba 2021, pale Mahakama Kuu ilipobatilisha uzinduzi wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho cha kidijitali cha taifa, kwa sababu athari zake kwa data za watu hazikuwa zimepimwa kwanza.

Turudi Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, na kwenye pendekezo la Chat Control. Novemba 2023 Bunge la Ulaya lilikataa kuugusa ujumbe uliosimbwa. Februari 2024 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, iliilaumu Urusi kwa kuitaka programu ya ujumbe ya Telegram idhoofishe usimbaji wake. Yaani Moscow ilikemewa kwa jambo linalofanana sana na lile ambalo Brussels ilikuwa ikilitafutia kura. Ubelgiji ilipokuwa mwenyekiti wa Baraza, ambako serikali za nchi wanachama hupiga kura, ilijaribu kulipitisha pendekezo Juni 2024, ikashindwa. Hungaria ikajaribu. Denmark ikalifufua mwaka 2025, na kura ilitarajiwa katikati ya Oktoba.

Ujerumani ndiyo iliyolizuia. Waziri wa Sheria, Stefanie Hubig, alisema ukaguzi wa ujumbe bila sababu ya kumshuku mtu lazima uwe mwiko katika dola inayofuata utawala wa sheria. Kwa wingi wa watu wake, Ujerumani ikikataa pamoja na wenzake wachache, kura haitoshi. Wajerumani wana kumbukumbu: idara ya usalama ya Ujerumani Mashariki, Stasi, ilikuwa na kitengo kizima cha kufungua barua kwa mvuke na kuzigundisha tena. Wapo wazee waliozipokea barua hizo ambao leo wanatumia WhatsApp.

Novemba 2025 nchi wanachama zilikubaliana msimamo mpya: amri ya ukaguzi imeondolewa, kampuni zitaruhusiwa kukagua kwa hiari. Rafiki zangu walio huko walishangilia. Mimi sijashangilia. Ruhusa hiyo ya hiari ilianza mwaka 2021 kama sheria ya muda ya miaka mitatu, ikaongezwa hadi Aprili 2026, na katika msimamo huo nchi wanachama zilitaka iwe ya kudumu. Ndani ya andiko hilohilo kuna kifungu kinachoitaka Kamisheni itathmini baadaye kama kuna haja ya kuirudisha amri.