Misiba ya korona: tuhesabu alikofia mtu, alikokuwa anaishi au alikozikwa?

Mpaka leo ukikaa na watu Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya ukagusia korona ubishi ni ule ule. Kuna wanaosema huku kwetu haikuua watu, vifo vilikuwa 21 tu Tanzania nzima, na kuna wanaosema watu waliisha, mwanzoni mwa 2021 ilikuwa msiba juu ya msiba na ukiuliza unaambiwa changamoto ya upumuaji. Mimi naona pande zote zina ukweli wake ila namba wanazisoma vibaya.

Tuanze na hiyo 21. Serikali iliacha kutoa takwimu mwezi wa tano 2020, wagonjwa 509 na vifo 21, halafu kimya mpaka katikati ya 2021. Kwa hiyo hiyo ni namba ya wiki chache za mwanzo, tena ya watu waliopimwa. Ukiitumia kuthibitisha kwamba 2021 hakukuwa na kitu unatumia hesabu iliyofungwa kabla wimbi la pili halijafika.

Na hata pale takwimu zinapotoka kila siku bado kuna watu wanapita pembeni. Majirani zetu Zambia, ukivuka tu Tunduma, walikuwa wanatangaza. Watafiti wakaenda mochwari ya hospitali kuu ya chuo kikuu pale Lusaka, kati ya mwezi wa sita na wa tisa 2020, wakapima maiti 364, wakakuta 70 wana kirusi. Kati ya hao 70, 51 walifia nje ya hospitali na hakuna hata mmoja kati ya hao 51 aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Sasa mtu atasema kukutwa na kirusi sio kuuliwa nacho, na ni hoja ya maana kabisa, ila kati ya waliopatikana maelezo ya dalili zao, 52, wengi, yaani 44, walikuwa na dalili za korona zenyewe.

Wazungu nao walijikwaa hapo hapo. Uingereza mpaka tarehe 29 Aprili 2020 namba ya kila siku ilikuwa inahesabu waliofia hospitali, wakati kwenye nyumba za kulelea wazee watu wanakufa kwa wingi, na hospitali zilikuwa zimerudisha wazee kwenye nyumba hizo bila kuwapima. New York mzee akiugulia nyumba ya wazee akakimbizwa hospitali akafia huko alikuwa hahesabiwi kama kifo cha nyumba ya wazee, mpaka ripoti ya mwanasheria mkuu wa jimbo Januari 2021 ikaonyesha vifo vya wazee wa nyumba hizo vimepunguzwa sana. Ubelgiji wao walihesabu hata wazee walioshukiwa tu bila kipimo, ndio maana walionekana wameathirika kuliko karibu wote. Halafu Agosti 2020 Uingereza wakaweka kanuni ya kuhesabu tu waliokufa ndani ya siku 28 tangu wakutwe na kirusi, vifo zaidi ya 5,000 vikatoka kwenye jumla. Kanuni ilikuwa na sababu, maana kabla yake aliyewahi kukutwa na korona akifa miezi mingi baadaye kwa ajali alikuwa anahesabiwa, lakini inaonyesha kwamba kulinganisha nchi na nchi kwa namba za kila siku ni hatari.

Sasa huku kwetu nyanda za juu kusini nyumba za wazee ni chache mno, wazee wetu wako nyumbani, Makete, Kyela, Ileje, na wanafia nyumbani. Cheti cha kifo familia inakifuatilia kukiwa na mirathi, hela benki au mafao, bibi mwenye kashamba kake ka viazi nani atamfuatilia cheti? Yaani usajili unawakosa wale wale ambao huu ugonjwa unawapenda zaidi. Hili linaniuma kuliko mengine yote.

Ila na upande wa pili, wanaohesabu misiba, waangalie. Rungwe mtu akifia Dar analetwa kuzikwa kwao, kwa hiyo misiba ya kijijini imebeba vifo vya Dar pia. Hospitali ya rufaa ya kanda pale Mbeya nayo inapokea wagonjwa wa Songwe, Rukwa na Katavi, wakifia pale vifo vyao vinaonekana vya Mbeya. Na baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku nimonia zipo kila mwaka, lazima ulinganishe na mwezi huo huo wa miaka ya nyuma, sio na mwezi uliopita.

Kuna hesabu moja naipa uzito. Machi 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki lilisema ndani ya miezi miwili wamekufa mapadri zaidi ya 25 na masista 60. Kundi kama hilo lina majina yote, hakuna wa kupotea. Hata hivyo wengi wao ni wazee, na bila kujua kawaida wanakufa wangapi kwa miezi hiyo huwezi kusema vifo vimezidi vingapi.

Hiyo ziada ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote, vifo vyote toa vya kawaida. Shirika la Afya Duniani (WHO) walikadiria ziada ya milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, wakati vilivyotangazwa ni kama milioni 5.4, ila kwa nchi nyingi za Afrika ni makadirio ya modeli, yaani hesabu za kukisia badala ya vifo vilivyoandikwa, kwa sababu daftari la vifo halijakamilika. Na karibu nusu ya Watanzania wako chini ya miaka 18, hivyo kutegemea vifo vya kiwango cha Uingereza huku sio haki.

Mimi naamini wazee wengi waliondoka kuliko tunavyokiri, idadi siwezi kuitaja na anayeitaja anabahatisha. Lakini mwenyekiti wa kitongoji anajua kila msiba wake. Akiandika tarehe, umri, alikofia na alikokuwa anaishi, mtendaji akakusanya kata nzima, kwa kata hiyo tutaweza kuweka Februari ya mwaka mmoja pembeni ya Februari ya mwaka mwingine tukatoa. Kazi hiyo haihitaji maabara, na wimbi lingine likija hata bibi wa Makete atakuwemo kwenye hesabu.