Bibi Yangu Naye Alingoja

Bibi wa chumba namba tisa kapita miaka tisini, macho yameingia ukungu, na kila zamu yangu ya usiku lazima nimsomee kurasa kumi ndipo akubali taa izimwe. Hii ni nyumba ya wazee hapa Liverpool, ninapofanyia kazi. Vitabu vyake vyote ni riwaya za mapenzi za wakati wa vita kuu ya pili, ndugu wa tumbo moja. Kwenye jalada yupo msichana kavaa koti zito na kitambaa kichwani, nyuma yake nyumba za matofali zilizobanana, juu angani ndege za Mjerumani. Ndani yake baba mlevi, mama mgonjwa, binti kaajiriwa kiwanda cha risasi, mchumba ni baharia wa Atlantiki na barua imekawia. Ukishasoma vitatu, cha nne utakisimulia mwenyewe huku unapiga pasi.

Mwanzoni nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nilitoka Tanga na ile dharau yetu tunayoijua, kwamba riwaya za mapenzi ni za wasichana wa bweni, huwekwa chini ya godoro matroni asizione. Vita nayo ni habari ya wanaume, ina mizinga na hotuba. Hapa nimevikuta vinauzwa dukani jirani na mkate na sabuni ya kufulia, na wanaovinunua hawavifichi. Mji wenyewe bado una makovu ya yale yanayosimuliwa. Kanisa la Mtakatifu Luka, katikati ya mji, halina paa tangu mabomu ya Mei 1941. Wameliacha hivyohivyo makusudi. Wiki ile moja iliua watu wapatao 1,700 Liverpool na vitongoji vyake. Bibi wa namba tisa hakuwepo. Alikwishapakiwa treni na watoto wenzake kupelekwa Wales, jina limeandikwa kwenye kikaratasi kilichofungwa kifuani. Kila kitabu kina kituo cha treni. Nikifika hapo hunishika mkono.

"Rudia."

Narudia.

Usiku mmoja, nikirudia hapo kwa mara ya tatu, ndipo nilipomkumbuka bibi yangu wa Muheza, na sikulala vizuri asubuhi yake.

Babu alikuwa keya, askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Alichukuliwa mwaka 1942 akapelekwa mpaka Burma, mmoja kati ya Watanganyika zaidi ya 80,000 walioingia jeshini katika vita ile. Bibi akabaki na mtoto mmoja na mama mkwe mwenye ulimi, pembeni ya mashamba ya mkonge. Wajapani walikuwa wameshatwaa Ufilipino na Java, kulikotoka nyuzi za kamba, kwa hiyo mkonge wetu ukawa roho ya Mwingereza, na wanaume wasiokwenda vitani wakakamatwa kwa amri ya serikali kwenda kuukata. Huenda kamba iliyofunga meli ya yule baharia wa kitabuni ilitoka Muheza. Hilo kwenye kurasa kumi za usiku halijatokea hata siku moja.

Mwaka wa tatu hakuna barua. Wazee wakamwita Bibi barazani, wakamwambia bado kijana, mume huyu ahesabiwe kafa. Akawajibu, "Nguo zake hazijaletwa." Basi. Babu akarudi mwaka 1946 na koti lake la jeshi, akawa halali mlango ukiwa umefungwa. Sisi wajukuu tukimuuliza Burma kulikuwaje, alikuwa na sentensi moja: "Kulikuwa na mvua." Tulidhani anatukwepa. Nimekuja kusoma ukubwani, huku ugenini, kwamba Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa za mwaka 1944, malori yanazama kwenye tope, watu wanaugua malaria na kuhara. Kumbe Babu alikuwa ameshajibu.

Hiyo ni riwaya, jamani, na haihitaji hata kuongezwa chumvi.

Najua nitaambiwa yapo yaliyoandikwa. Yapo. Shaaban Robert, mtu wa kwetu Tanga, aliitungia vita ya 1939 hata 1945 utenzi mrefu, lakini humo utawakuta Hitler na Mussolini kabla ya kumkuta mwanamke wa Muheza. Abdulrazak Gurnah naye, katika Afterlives ya mwaka 2020, kawaandika Hamza na Afiya na mapenzi yao baada ya vita ya Mjerumani, ile kuu ya kwanza, na kaandika vizuri mno. Kaandika kwa Kiingereza. Bibi asingeweza kusomewa bila mkalimani.

Chukua vita ya Kagera, ambayo wengi wetu wazazi wetu waliiona. Maneno ya Mwalimu Nyerere juu ya Idi Amin, Novemba 1978, tunayo kichwani: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Makaburi ya mashujaa wa vita hiyo kule Kaboya tunayajua. Kila Julai 25 viongozi wanaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Ila mama alipata wapi sabuni ile miezi? Nani alipanga foleni ya sukari na mtoto mgongoni, huku akisikiliza redioni kama vijana wameshafika Kampala? Mtihani wa historia uliniuliza tarehe tu.

Sisemi Waingereza wametupita kwa kila kitu. Riwaya zao zinawapendelea wenyewe kupita kiasi: jirani daima ni mwema, na mwisho ni harusi. Mwaka 1945 na 1946 serikali yao iliwafukuza mabaharia Wachina kwa mamia kutoka Liverpool hii hii, na wake zao wa Kiingereza wakabaki na watoto wakidhani wametelekezwa. Hiyo sijawahi kumsomea bibi wa namba tisa. Wala sijamsomea meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives tarehe 12 Februari 1944. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa Kiingereza. Muuguzi wa namna ile hapa ana vitabu visivyo idadi. Yule askari wetu hatujampa hata mwanamke mmoja wa kusimama gatini.

Juzi nimeweka kitabu pembeni nikamsimulia bibi wa namba tisa habari za Bibi, kuanzia barazani mpaka kwenye mvua. Alisikiliza bila kusinzia, jambo la nadra. Kisha akauliza, "Kwenye jalada angevaa nini?" Nikasema kanga. "Kanga gani?" Hapo nikakwama, nikaahidi nitauliza nyumbani.

Asubuhi nikampigia mama Muheza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kanga ya wapi, mwanangu, wakati wa vita? Nguo zilikuwa hazipatikani. Bibi yako alivaa kaniki, tena moja, anaifua usiku."