Shangazi, Funguo na Ziwa Michigan

Shangazi yangu wa Mwanza ni Simba damu. Alipokuja kunisalimia Chicago Oktoba 2024, mfanyakazi mwenzangu akanipa tiketi zake za mechi ya mpira wa Kimarekani ya vyuo, Northwestern na Wisconsin, nikaona Mungu kanirahisishia kazi. Nikamweleza mapema kwamba mpira wa huku una umbo la yai na unachezwa kwa mikono. Akanijibu, "Mwanangu, mpira ni mpira," akaingia chumbani kuvaa jezi yake nyekundu ya Simba.

Balaa likaanzia hapo. Northwestern, wenyeji, rangi yao ni zambarau. Wekundu ni Wisconsin. Na tiketi zetu zilikuwa katikati ya wenyeji kindakindaki, watu waliovaa zambarau mpaka soksi. Nikambembeleza abadilishe.

"Nivae zambarau kwa ajili ya nani? Hiyo timu imeshawahi kumfunga Yanga?"

Nikanyamaza. Tukapanda treni kwenda Evanston.

Getini kuna sheria ya mikoba: huingii na mkoba wa kawaida, unaingia na mfuko wa plastiki unaoonyesha kila kitu. Nilikuwa nimeshamnunulia. Alipouona akasimama. "Rambo? Kwetu hii wameipiga marufuku tangu 2019, huku ndiyo mnaiingilia mpirani?" Lakini kilichomuuma zaidi ni kuanikwa. Dawa za presha, kanga, kopo la Vicks, na noti za elfu kumi kumi zilizofungwa kwenye kitambaa, zote zinaonekana. Akaukumbatia ule mfuko kifuani, akapita getini akiwakazia macho walinzi mmoja mmoja, ili wajue kwamba amezihesabu.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa muda. Chuo kilikuwa na uwanja mkubwa tangu 1926, wa watu 47,000, wakaubomoa ili wajenge mpya wa viti 35,000 kwa ajili ya msimu wa 2026. Wakati mafundi wanaendelea, timu ikahamia kwenye kiwanja kidogo kando ya Ziwa Michigan, wakasimamisha majukwaa, wakapata nafasi ya watu 12,000 na ushee. Kwenye ligi ambayo wenzao wanaingiza watu laki moja, hao ni wachache mno, na raha yake ndiyo hiyo. Wachezaji wako hapa chini, unasikia helmeti zinavyogongana, na ukiinua macho unaona maji mpaka mwisho wa dunia.

Shangazi aliyatazama yale maji kwa muda. "Linaizidi Nyanza hili?"

"Hapana, Shangazi. Hili ni kilomita za mraba kama 58,000. Letu, Victoria, lina karibu 69,000."

Uso ukamchanua. Akanigusa bega: "Mwambie huyu mzee hapa." Mzee wa pembeni yetu, kofia ya zambarau, nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Muulize kama lina sato." Hilo sikulitafsiri.

Mechi ikaanza na Shangazi akaanza kuteseka. Dakika za mchezo ni sitini, lakini saa inasimamishwa kila mara, kwa hiyo mtu anakaa zaidi ya saa tatu. Wanarukiana, wanalaliana, wanaamka, wanakwenda kuteta. Akauliza nani kapotea, mbona wanaitana vikao. Kisha refa akatupa kitambaa cha njano, ambacho ndicho filimbi yao ya faulo. Shangazi akainuka.

"Njano! Nilijua! Refa wa Yanga huyo!"

Bibi mwenye jezi nyekundu anainuka peke yake kwenye bahari ya zambarau na kumfokea refa. Kule ng'ambo mashabiki wa Wisconsin wakamwona, wakampungia. Naye akawapungia. Nikajishughulisha na kamba za viatu.

Sasa, mashabiki wa Northwestern wana desturi yao. Kila mpira wa kuanzia unapokaribia kupigwa, kila mtu anatoa funguo zake, ananyanyua mkono, anazitikisa. Maelfu ya funguo kwa pamoja, uwanja mzima unalia chwa-chwa-chwa. Shangazi alipenda. Katika mambo yote ya siku ile, hilo peke yake ndilo aliloliona la maana. "Lete zako." Nikampa. Alizitikisa kwa ari ya mtu aliyekulia kwenye ngoma za Usukuma, mkono juu, bega linafuata, shingo inafuata, na mzee wa kofia akawa anampigia makofi.

Funguo zikamponyoka.

Zikapaa, zikagonga ukingo wa alumini, zikalala kwenye ubao wa miguu, sentimita chache tu kutoka kwenye mwanya. Nikainama taratibu. Mzee naye, kwa wema wake, akainama haraka. Ncha ya kiatu chake ikazigusa, zikateleza mwanyani. Tukasikia zikigonga chuma, tena chuma kingine, halafu kimya.

Mlango wa nyumba, mlango wa ofisi, sanduku la barua. Jumamosi. Ukiwahi kumwita fundi kufuli Jumamosi huku, unaelewa kwa nini nilishuka zile ngazi kama niliyeitwa na polisi.

Chini ya jukwaa ni msitu wa mabomba, na mbele yake kijana wa ulinzi. Nikamweleza. Akasema haruhusiwi mtu kuingia humo, ataingia yeye, lakini nizieleze funguo zikoje. Kabla sijafungua mdomo Shangazi, aliyenifuata, akamwambia kwa Kiswahili kikavu kabisa: "Zina kindala cha shanga, baba. Bluu na nyeupe. Nilimletea mwenyewe." Na akamwonyesha kindala kwa vidole. Yule kijana akaelewa! Akaingia na tochi.

Juu yetu mabati yakaanza kunguruma, miguu elfu inagonga, vumbi linatudondokea. Ni pointi tatu za wenyeji, na ndizo peke yake walizopata siku nzima. Sisi tuliziona kwa chini, kupitia nyayo.

Kijana akatoka na miwani ya jua, glovu moja ya mtoto, na funguo zangu. Shangazi akaufungua ule mfuko wake unaoonyesha, akafungua kitambaa, akamtunza elfu kumi ya Kitanzania. Kijana akaigeuzageuza ile noti, akamwona tembo, akaiweka mfukoni kwa makini.

Wisconsin walishinda 23 kwa 3. Wakati wa kutoka, wekundu wenzake wakamzingira Shangazi wakimgongesha viganja, naye anagongesha kila kinachokuja, anasema "Karibuni Mwanza, karibuni."

Ndani ya treni, akiwa katikati ya watu wa zambarau walionuna, akampigia simu dada yake. Sauti ya juu, spika imewashwa.

"Tumeshinda! Ishirini na tatu kwa tatu! ... Eeh, refa alikuwa wa Yanga, lakini tumeshinda! ... Sikiliza nikwambie, funguo za mtoto ziliingia ziwani. Ziwa dogo tu, halifiki letu. Wazungu wakapiga mbizi, wakazitoa."