Kiwanja cha Dar kitazame Aprili

Mvua za masika zikishika, biashara ya viwanja Dar es Salaam hupoa. Dalali aliyekuwa akikupigia mara tatu kwa siku anakwambia tusubiri barabara ikauke, mali yenyewe haikimbii. Usimsikilize. Kwa anayenunua kiwanja au nyumba Madale, Goba, Kinyerezi, Boko au Kigamboni, Machi hadi Mei ndiyo miezi ya kwenda kutazama, hasa Aprili. Agosti hata bondeni panapendeza.

Nenda mara mbili. Mara ya kwanza mvua ikiwa inanyesha, uone maji yanatoka wapi na yanaelekea kwa nani. Mara ya pili siku mbili tatu baada ya mvua kukatika. Hiyo ya pili ndiyo yenye majibu, maana kila ardhi hulowa, ila si kila ardhi inakunywa. Beba jembe na futi. Chimba shimo la upana wa sentimita 30 na kina cha mita 1, pale ambapo ungeweka shimo la maji taka. Lijaze maji, liache lilale usiku kucha, asubuhi lijaze tena na upime. Kama saa nzima imepita na maji hayajashuka hata sentimita 2.5, jua shimo la choo litakuwa linafurika kila masika, na gari la kunyonya utaliita mpaka uchoke. Na kama shimo limejaa lenyewe kutoka chini kabla hujamimina kitu, hapo maji ya ardhini yako karibu. Msingi utajengwa kwenye tope.

Kisha acha kiwanja, tazama majirani. Kizingiti cha mlango kilichoinuliwa tofali mbili, viroba vya mchanga getini, unga mweupe wa chumvi kwenye plasta chini ya dirisha, mstari wa kahawia unaokwenda sawasawa ukutani: huo mstari ndio kina cha mafuriko ya mwisho, upime kwa futi. Matete na magimbi yanayostawi bila kumwagiliwa nayo yanasema. Halafu waulize vijana wa bodaboda ni karavati gani hukatika kwanza, na muombe jirani video za mvua za Aprili na Mei 2024. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño, na karibu kila grupu la WhatsApp la mtaa bado lina picha zake. Zina tarehe, hazibishaniki.

Dalali atakujibu: "Hapa ni kifusi tu, bosi." Basi fanyeni hesabu ya kifusi. Kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukikiinua nusu mita, kinahitaji mita za ujazo 200. Lori la mita za ujazo 7 litapiga tripu 29, na kwa kuwa kifusi hushuka kikishindiliwa, weka 35. Zidisha kwa bei ya tripu ya eneo hilo, utoe jumla kwenye bei ya kiwanja. Bado hapo maji uliyoyafukuza yataingia kwa jirani, na ugomvi wa mtaro ukianza huwa hauishi.

Tena hakikisha hizo 20 kwa 20 ni mita. Maeneo yasiyopimwa yanauzwa kwa hatua, na hatua za mtu mfupi si za mtu mrefu. Hatua 20 za sentimita 80 ni mita 16, kwa hiyo ulicholipia kama mita za mraba 400 ni 256.

Mto ni habari nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na zinahesabiwa kutoka kwenye kingo, si kutoka katikati ya maji. Mito ya Mbezi, Tegeta na Msimbazi inakula kingo zake kila masika, na wachimba mchanga wanaisaidia, hivyo aliyejenga mita 70 leo anaweza kujikuta ndani ya 60 bila kusogeza tofali. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia za Jangwani zilihamishiwa Mabwepande, lakini wako waliorudi bondeni. Bonde la chini la Msimbazi sasa lina mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, wenye fidia na bomoabomoa. Anayekuuzia chumba huko kwa bei ya kutupa anajua anachokifanya.

Karatasi sitazirefusha. Kwenye kiwanja chenye hati, fanya sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu, kwa Msajili wa Hati uone rehani na zuio. Kisichopimwa, mpeleke mpima achukue viwianishi (namba za mahali kilipo), uvipeleke halmashauri ukaulize mchoro wa mipango miji: pale panaitwa makazi, au ni shule, au barabara? Kimara mwaka 2017 nyumba zilivunjwa kwa sababu ya hifadhi ya barabara, zikiwemo za watu wenye karatasi za serikali ya mtaa. Mke au mume wa muuzaji asaini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake nyumba ya familia ikiuzwa. Ile "asilimia kumi ya ofisi" inayodaiwa serikali ya mtaa kiwanja kikiuzwa haimo kwenye Sheria ya Ardhi.

Ofisi ya serikali ya mtaa hata hivyo ipitie, kwa ajili ya ubao wa matangazo. Mtaro unaokuja, barabara ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), mkutano wa fidia, mara nyingi hubandikwa pale kabla hayajafika kwa dalali. Viongozi wengi wameingia na uchaguzi wa Novemba 2024, kwa hiyo mauzo ya zamani, tuseme ya 2012, usimuulize mwenyekiti, muulize mzee wa nyumba ya kwanza mtaani.

Bei ijadilini huko huko kwenye matope, na fungu la mwisho la malipo libaki mkononi mwako mpaka mpima afyeke nyasi akuoneshe bikoni (alama za mipaka) zote nne.